Chokaa, Udongo na Uso wa Nyumba: Historia ya Kupendezesha Makazi kwa Gharama Ndogo kutoka Mwambao hadi Katanga na Gisaka

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya njia za gharama ndogo ambazo wakazi wa Afrika Mashariki na ya Kati wamezitumia kuzipa nyumba zao sura mpya: chokaa ya matumbawe katika mwambao, michoro ya udongo na makaa huko Katanga, na imigongo ya samadi huko Gisaka. Hoja yake ni kwamba katika desturi hizo uzuri wa nyumba ulitokana na kazi iliyorudiwa kwa majira kuliko ulivyotokana na uimara wa vifaa. Sera za makazi za wakoloni, na nyingi zilizofuata baada ya uhuru, zilipima vifaa peke yake na kuiacha kazi hiyo nje ya hesabu. Matokeo yake yanaonekana katika kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, katika hatima ya wachoraji wa Bukama na katika sebule za Nyarubuye.

Utangulizi

Msafara wa Vasco da Gama ulipofika Malindi mwezi wa Aprili 1498, mwandishi wa shajara ya safari hiyo alieleza kwamba nyumba za mji zilikuwa ndefu kwenda juu, zimepakwa chokaa vizuri na zina madirisha mengi. Miaka michache baadaye Mreno mwingine, Duarte Barbosa, alizisifu nyumba za mawe na chokaa za Kilwa na Mombasa. Wanahistoria wamezitumia sana kauli hizi kuthibitisha utajiri wa miji ya Waswahili, na kwa haki. Zinaweza pia kuulizwa swali jepesi zaidi: je, chokaa iliyomeremeta machoni pa mabaharia wale ilikuwa imepakwa lini?

Swali hilo halina mzaha ndani yake. Chokaa iliyopakwa juu ya ukuta unaopigwa na pepo za bahari haikai nyeupe miaka mingi. Mvua za masika huichuja, kuvu hutanda palipo na kivuli, na ndani ya misimu michache ukuta hugeuka kijivu na kuwa na mabaka meusi. Mji uliokuwa mweupe mwaka 1498 ulikuwa mji uliopakwa karibuni, na uliozoea kupakwa tena na tena. Weupe ule ulikuwa kumbukumbu ya kazi, na kazi hiyo haikuacha hati.

Haikuacha alama pia katika takwimu za leo. Sensa za watu na makazi katika nchi za ukanda huu huuliza ukuta umejengwa kwa nini, paa limeezekwa kwa nini na sakafu ni ya nini. Udongo huwekwa upande mmoja, saruji na matofali ya kuchoma upande wa pili, na kutoka hapo nyumba hupewa daraja. Nyumba ya udongo iliyokandikwa upya na kupakwa kabla ya kila Idi huingia katika safu ileile na nyumba ya udongo iliyoachwa hadi fito zikachungulia nje. Mshauri wa sera anayesoma jedwali hilo haoni tofauti, ilhali majirani wa nyumba hizo mbili huiona kila siku. Makala haya yanachunguza namna upofu huo ulivyojengeka.

Chokaa katika mwambao

Miji ya mawe ya mwambao ilijengwa kwa aina mbili za jiwe la matumbawe. Moja ni jiwe gumu lenye vitundu, linalochimbwa nchi kavu kutoka katika miamba ya kale. La pili ni tumbawe laini, likatwalo baharini lingali bichi, ambalo huchongeka kwa urahisi kabla halijakauka na ndilo lililotumika katika mihirabu, vizingiti na zidaka. Utafiti wa akiolojia wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulionesha jinsi majengo ya miti na udongo yalivyotangulia na jinsi yale ya mawe yalivyojengwa baadaye mahali palepale. Kwa hiyo nyumba ya udongo na nyumba ya mawe ni dada wa mji mmoja, na ujuzi wa kuzitunza ulikuwa na mizizi ya pamoja.

Chokaa ilitokana na matumbawe hayohayo. Magogo, ya mikoko na ya minazi yakiwamo, yalipangwa kwa duara hadi yakawa rundo kubwa, vipande vya matumbawe vikamwagwa juu, kisha rundo likawashwa moto. Moto ukipanda hadi joto la nyuzi zipatazo 900, jiwe hupoteza hewa ukaa iliyomo ndani yake na kubaki unga mkali usiofaa kuguswa kwa mkono mtupu. Unga huo ukishazimwa kwa maji, au ukiachwa miezi kadhaa unyeshewe na mvua, hulainika na kuwa chokaa ya kujengea. Ikishapakwa ukutani huivuta tena hewa ukaa kidogo kidogo na kurudi kuwa jiwe jembamba. Ndiyo maana mafundi waashi huipaka nyepesi, tabaka juu ya tabaka, na kuipa kila moja muda wa kushika. Chokaa hiyohiyo, iliyosafishwa zaidi, ndiyo iliyotiwa katika kijaluba cha tambuu, na pengine hakuna kifaa kingine cha ujenzi kilichowahi kukaa karibu hivyo na ulimi wa bibi harusi.

Unafuu wake usitiwe chumvi. Tanuu moja lilimeza kuni nyingi, na kuvunja matumbawe, kuyabeba na kuyachoma kulifanywa na watu wengi, wakiwamo watumwa. Kujenga nyumba ya mawe kulikuwa jambo la wenye uwezo. Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya kujenga kwa chokaa na kupaka chokaa. Ukuta mnene wa mawe na lipu zake huhitaji chokaa kwa majahazi, na ukuta uliokwisha kusimama huhitaji ndoo chache na brashi ya nyuzi za minazi au za mkonge. Tabaka la juu, lile linaloonwa na mpita njia, ndilo lililo rahisi kuliko yote. Mwenye nyumba ya udongo ambaye asingeweza kamwe kununua boriti na mawe ya ghorofa aliweza kununua chokaa ya kutosha ukuta wa mbele. Ilikuwa kawaida, na bado ni kawaida katika mitaa mingi, kupaka uso wa nyumba na baraza yake na kuuacha ubavu na ua katika rangi ya udongo wao. Mgeni hupokewa barazani. Jirani hupita mbele. Fedha ndogo iliwekwa mahali jicho lilipotua.

Lugha yenyewe inahifadhi ngazi za kazi hii. Ukuta wa mawe haukuwa sawa na kiambaza cha miti na udongo. Kiambaza kilianza kwa kukandikwa, yaani udongo uliopondwa kusukumizwa kati ya fito. Ufa au pengo lilitomewa kwa vijiwe na udongo. Baadaye uso wote ulisiribwa ili uwe laini, na mwisho ukapakwa. Kukandika, kutomea, kusiriba na kupaka ni hatua nne zenye ujuzi tofauti, na mara nyingi watenda tofauti: wanaume katika ile ya kwanza, wanawake na vijana katika zile za baadaye. Katika usemi wa mijini leo hatua zote zimemezwa na maneno mawili, kupiga plasta na kupaka rangi. Mabadiliko hayo ya msamiati yana maana yake. Neno kutomea linapotoweka, linatoweka pamoja na dhana kwamba ufa mdogo ni wa kushughulikiwa wiki hii.

Weupe wa chokaa ulibeba maana zaidi ya unadhifu. Linda Donley-Reid, aliyechunguza nyumba za Lamu, aliuhusisha na utakaso, na kuzihusisha zidaka na vyombo vya kauri vilivyowekwa ndani yake na kinga dhidi ya kijicho. Si lazima kukubali kila tafsiri yake ili kukiri jambo moja: kupaka chokaa kulifungamana na kalenda ya dini na ya familia. Nyumba ilipakwa kabla ya Ramadhani au Idi, kabla ya harusi, na huko Lamu kabla ya Maulidi. Mtu hakuamua kila mwaka kama atapaka au hatapaka, siku ilimwamulia. Gharama iligawanyika katika miaka, na kazi ikagawanyika kati ya ndugu waliokuja kusaidia kwa matarajio ya kusaidiwa.

Ng'ambo: mwenye kibanda asiye na kiwanja

Mfano wa Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoitenga na Mji Mkongwe wa Zanzibar, unaonesha kwa nini uso wa nyumba ulikuwa na thamani ya pekee kwa watu wa kipato kidogo. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria, waliokuwa watumwa wengi walihamia huko na kujenga nyumba za udongo na makuti. Laura Fair ameonesha jinsi wakazi hao walivyotumia mavazi, muziki na mpira kujitangaza kuwa watu huru wenye heshima zao. Ni halali kuusoma ukuta wa mbele na baraza yake katika mwanga huohuo, kwa kuwa mtu ambaye jana hakuwa na mlango wake mwenyewe alikuwa na sababu ya kutaka mlango huo upendeze.

Hata hivyo wengi wao walimiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyosimamia. Viwanja vilikuwa vya wenye mali waliotoza kodi ya ardhi, na kodi hizo zilipopandishwa wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa mwaka 1928. Mgomo huo umeandikwa sana kama sura ya siasa za mjini. Katika historia ya makazi una funzo la kiuchumi pia. Anayeweza kuamriwa kuondoka hana sababu ya kuzika akiba yake katika mawe. Uwekezaji wenye busara kwake ni ule unaoonekana leo na usiomtia hasara kubwa kesho: udongo mpya, chokaa, mlango unaoweza kung'olewa na kuhamishwa, baraza iliyosiribwa. Nyumba ya udongo iliyopakwa vizuri ilikuwa jibu la kimantiki kwa milki isiyo salama.

Mipango ya miji ya wakati huo haikuisoma hivyo. Mpango wa H. V. Lanchester wa mwaka 1923, kama mingine iliyoufuata chini ya Waingereza, uliichukulia Ng'ambo kuwa tatizo la kupangwa upya. Garth Myers, aliyeitafiti Ng'ambo kwa miaka mingi, ameeleza kwamba wakazi wenyewe waliipanga mitaa yao kwa kufuata uwezo, imani na desturi. Maneno hayo matatu ni ya Kiswahili na yanatosha kueleza kitu ambacho ramani za serikali hazikukionesha.

Saruji na kuta zinazotoa jasho

Kiwanda cha saruji cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Saruji ya viwandani ilikuwa imekwisha kufika kwa meli muda mrefu kabla ya hapo, lakini sasa ilipatikana kwa mfuko mmoja mmoja katika duka la mtaa. Kwa mwenye nyumba faida ilionekana wazi. Plasta ya saruji hushika kwa siku chache, haichujwi na mvua, na huvumilia rangi za mafuta zenye kung'aa. Aliyechoshwa na kupaka kila mwaka alinunua mapumziko.

Katika nyumba mpya ya matofali ya saruji mapumziko hayo ni ya kweli. Katika ukuta wa zamani wa matumbawe ni ya mkopo. Ukuta wa aina hiyo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia uso wake, na chokaa, kwa kuwa ina vitundu, huuruhusu kupita. Ukifunikwa kwa saruji unyevu hukosa njia. Chumvi iliyoyeyuka ndani yake hujikusanya nyuma ya plasta, hukauka kuwa chembe ngumu, hutanuka na kuibandua plasta pamoja na ngozi ya jiwe. Hapo mwenye nyumba hutazama mabaka, huona kwamba ukuta wake ni dhaifu, na huongeza saruji. Mafundi wa Mji Mkongwe wanazijua kuta zinazotoa jasho nyuma ya plasta ngumu, na wanajua kuwa dawa yake ni kuibandua saruji, kuuacha ukuta ukauke kwa muda mrefu na kurudisha chokaa. Dawa hiyo ni rahisi kwa vifaa na ghali kwa subira.

Zanzibar suala hili lilichanganyika na milki. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa na kugawiwa familia kadhaa kwa pamoja. Ngazi, paa na uso wa nyumba vilikuwa vya wote, na kwa hiyo havikuwa vya mtu. Hapa hali ni kinyume cha ile ya Ng'ambo. Kule mtu alimiliki nyumba bila ardhi na akautunza uso wake. Huku familia nne au tano zilikaa katika jumba la mawe ambalo hakuna hata moja iliyojiona ina wajibu wa kulipaka. Mvua iliyopenya paani ilifanya katika miaka michache kazi ambayo bahari haikuifanya katika karne nzima. Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO; Lamu ilifuata mwaka 2001. Tangu hapo fedha na macho yameelekezwa zaidi kwenye majengo makubwa. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 habari zilisambaa duniani kote. Kiambaza kinachoanguka mtaani baada ya masika hakipati hata mstari mmoja, ingawa mji unaundwa na hivyo kuliko unavyoundwa na makasri.

Bukama, Elisabethville, Usumbura

Reli kutoka Elisabethville ilifika Bukama, kando ya mto Lualaba, mwaka 1918. Kiswahili kilikuwa kimetangulia, kikiletwa na misafara ya karne ya 19, kisha kikaenea upya kama lugha ya migodi. Ni katika mji huu mdogo wa kituo ndipo ofisa wa serikali ya Ubelgiji, Georges Thiry, alipoziona mwaka 1926 nyumba za udongo zilizochorwa wanyama, watu na mimea. Alimtafuta mchoraji, Albert Lubaki, akampa karatasi na rangi za maji. Mkewe, Antoinette Lubaki, naye alichora. Kazi zao zilioneshwa Brussels mwaka 1929 na Geneva mwaka 1930, na leo majina yao hutajwa mwanzoni mwa historia ya uchoraji wa kisasa wa Kongo.

Masimulizi haya husimuliwa kwa kawaida kama ugunduzi. Yakisomwa kutoka upande wa nyumba yana sura nyingine. Michoro ya ukutani ilikuwa kazi ya kupendezesha makazi kwa vitu vilivyopatikana bila fedha, yaani udongo mweupe, udongo mwekundu na makaa. Ilidumu hadi mvua zilipoifuta, na ilipofutwa ukuta ulikandikwa na kuchorwa tena. Thiry alihofia kupotea kwake, na karatasi ikaiokoa. Lakini kilichookolewa ni picha. Desturi ya kuchora upya haikuwekwa katika sanduku lolote lililopelekwa Ulaya, na nyumba zenyewe hazikupimwa wala kuelezwa kwa uangalifu uliotumika katika kuzihifadhi karatasi. Katika makumbusho Lubaki akawa msanii. Huko Bukama alikuwa, pamoja na mengine, mtu aliyejua kuifanya nyumba ipendeze.

Katika kambi za Union Minière mambo yalikwenda njia nyingine. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliingia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 katika sera ya kuwaweka wafanyakazi wa kudumu pamoja na wake na watoto wao. Donatien Dibwe dia Mwembu ameeleza jinsi kampuni ilivyojifanya baba wa watu hao, ikiwapa posho, zahanati, shule na nyumba. Nyumba ya matofali iliyotolewa na kampuni ilikuwa imara kuliko kibanda cha Bukama, hilo halina ubishi. Ila ukuta wake ulikuwa wa kampuni, na usafi wake ulikaguliwa na kampuni. Mkazi alibakiziwa upande wa ndani. Ndiyo sababu inayowezekana, miongoni mwa nyingine, ya uchoraji wa Katanga kuhamia sebuleni. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian walipofanya utafiti Lubumbashi katika miaka ya 1970 walizikuta picha za turubai zikitundikwa ukutani mwa sebule za watu wa kawaida, na wenye nyumba wakiziita ukumbusho. Zilinunuliwa kwa fedha kidogo kutoka kwa wachoraji wa mtaani, zikachakaa na kubadilishwa. Uso wa nyumba ulikuwa umegeuzwa nje kuwa ndani.

Upande wa Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura, uso huo uligeuzwa kuwa mtihani. Vituo vya mafunzo ya wanawake vilivyoendeshwa huko tangu mwaka 1946, ambavyo Nancy Rose Hunt ameviandikia, vilifundisha kushona, kupika na kupanga nyumba, na walimu wake waliwatembelea wanafunzi majumbani. Katika Kongo ya Ubelgiji waombaji wa cheti cha sifa za kiraia kilichoanzishwa mwaka 1948, na wa daraja la juu zaidi lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1952, walikaguliwa hadi ndani ya nyumba zao: vyombo, vitanda, meza ya chakula. Pazia na kitambaa cha meza vilikuwa na uzito wa kisheria. Hakuna aliyepaswa kushangaa kwamba, katika miaka iliyofuata, watu wengi wa miji hiyo waliuona udongo uliochorwa kuwa alama ya kutostaarabika, hata kama wazazi wao walijivunia.

Gisaka: kutoka ukutani hadi ubaoni

Katika Gisaka, ufalme wa mashariki ulioingizwa katika Rwanda katika karne ya 19, wanawake walipamba kuta za ndani za nyumba kwa mikunjo ya samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu. Mikunjo hiyo ilivutwa kwa vidole na kupangwa katika misharazi, pembetatu na mistari ya mzunguko, kisha ikapakwa nyeupe ya udongo mweupe, nyekundu ya udongo wa ngeu na nyeusi iliyotengenezwa kwa majivu ya maganda ya ndizi na utomvu wa mimea. Mapokeo huuhusisha mwanzo wake na Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi. Jina lake, imigongo, halihitaji kamusi kwa msemaji wa Kiswahili: ni migongo, ile mikunjo iliyoinuka ukutani kama mgongo wa ng'ombe.

Hapa tena kila kilichotumika kilipatikana uani. Gharama ilikuwa muda na mkono uliofundishwa na mkono mwingine. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yaliikata mnyororo huo kwa kuwaua wengi wa waliojua. Wanawake waliobaki katika eneo la Nyarubuye waliufufua ujuzi katika vyama vya ushirika, wakahamishia kazi yao juu ya vipande vya mbao vinavyobebeka na kuuzwa. Leo imigongo hupamba hoteli na ofisi za Kigali, na kipande kimoja huweza kuzidi uwezo wa kaya ambayo bibi zake walikifinyanga bila kulipa chochote. Jambo hili lina pande mbili na halifai kulaumiwa kwa haraka. Soko liliwalisha wajane na likauokoa ujuzi. Wakati huohuo ujuzi ulitoka katika orodha ya vitu ambavyo maskini hufanya kwa ajili ya nyumba zao wenyewe.

Kampeni ya Rwanda ya kuondoa nyumba za nyasi, iliyojulikana kama Bye Bye Nyakatsi na kufikia kilele mwaka 2011, ilikuwa na sababu nzito: paa la nyasi huvuja, hushika moto na huhifadhi wadudu. Mabati yalikuja kwa wingi na kwa kasi. Kampeni ilihesabu paa, kwa kuwa paa huhesabika. Kuta zilizobaki chini ya mabati hayo zilikuwa mara nyingi za udongo uleule, zikihitaji kukandikwa na kusiribwa kama zamani, na kwa kazi hiyo hapakuwa na safu katika fomu.

Amri na desturi

Mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Mombasa iliwaagiza wamiliki wa majengo ya katikati ya mji kuyapaka upya kwa rangi nyeupe na pambo la buluu, kwa gharama zao. Majengo mengi yalipakwa, na barabara kuu kadhaa zilibadilika sura katika muda mfupi. Waliounga mkono walisema mji ulikuwa umechakaa, na walisema kweli. Waliolalamika walitaja gharama na muda, nao walikuwa na haki yao. Mgeni aliyeingia mjini mwaka huo angeweza kuandika maneno yanayokaribiana na ya shajara ya mwaka 1498.

Lakini rangi iliyotumika haikuwa chokaa, na siku haikuwa Idi. Rangi ya kiwandani iliyopakwa juu ya plasta ya saruji hudumu miaka kadhaa bila kuguswa, kisha huanza kubanduka kwa vipande, na wakati huo hutegemea amri nyingine. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, mita mia chache kutoka barabara hizo, zipo kuta za matumbawe ambazo rangi ya namna hiyo huzifungia unyevu kama saruji inavyofanya. Amri moja ya rangi moja haitofautishi ukuta unaopumua na usiopumua.

Wanaotaka chokaa leo wanakutana na ugumu mwingine. Uchomaji wa matumbawe uliharibu miamba ya bahari katika sehemu kama Mafia na Mikindani, na ukataji wa mikoko kwa ajili ya kuni umezuiwa kwa sheria, hivyo tanuu la zamani haliwezi kurudishwa lilivyokuwa. Chokaa inayochomwa kutoka katika mawe ya chokaa ya bara ipo sokoni, na kwa kupaka inafaa, mradi fundi aizime vizuri na aipumzishe. Kinachopungua zaidi ni fundi huyo. Mwenye nyumba wa Mji Mkongwe anayetaka kubandua saruji iliyowekwa na baba yake anapata mfuko wa saruji dukani kabla ya adhuhuri. Kwa mwashi anayejua kutomea na kusiriba kwa chokaa huenda akasubiri hadi masika yapite, na ukuta wake hausubiri.